Kidole Kwenye Mshipi

Aliyemletea Glenda Oldershaw habari ya mumewe, Roy, ni Barry Leivers, naye aliileta akiwa amesimama mlango wa jikoni na mabuti yenye matope, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kuhani.

"Bata wangu," alimwambia, kwa kuwa upande ule wa Nottingham hata mwenye bucha hukuita bata wake, "nina neno, lakini usimwambie Roy limetoka kwangu. Leo mtoni amekuwa akishtua fimbo ya kuvulia hewani. Boya limetulia tuli, hakuna samaki, yeye anavuta. Halafu likizama kweli, anakaa anatazama tu."

"Labda alikuwa na mawazo."

"Roy? Mbele ya boya?" Barry alitikisa kichwa. "Huyo hata mto ungeshika moto asingeliondolea jicho. Mpeleke kwa daktari wa macho."

Daktari alikuta ugonjwa ule unaokula katikati ya jicho na kuacha pembeni. Roy aliweza kumwona paka akipita ukutani na ukingo wa meza asijikwae, bali chochote alichokikazia macho kilifunikwa na doa la kijivu. Akimtazama mkewe aliona masikio na nywele. Akilitazama boya, halikuwapo. Daktari alimhakikishia kwamba hatakuwa kipofu kabisa. Roy alimshukuru kwa adabu, akarudi nyumbani, akazifuta fimbo zake za kuvulia kwa kitambaa chenye mafuta, akazitundika bandani na kufunga mlango.

Yeye na Barry walikuwa wamechimba makaa ya mawe pamoja tangu ujana, na mgodi ulipofungwa wakahamia Mto Trent kama watu waliobadilishiwa zamu. Samaki waliyemfuata ni rochi, samaki wa rangi ya fedha mwenye mapezi mekundu na jicho jekundu, mwenye hila kuliko ukubwa wake. Haliwi. Hupimwa, husifiwa, hurudishwa majini. Glenda aliwahi kuuliza, mwaka wa kwanza wa ndoa, faida yake ni nini hasa, akatazamwa kwa huruma, asiulize tena. Tangu hapo kazi yake ilikuwa kutengeneza mikate ya jibini na kitunguu, na kuhakikisha kopo la funza wa chambo halikai karibu na siagi kwenye friji.

Roy alikuwa mtu wa boya. Aliliacha lishuke na mkondo, akarusha mbele yake mbegu chache za kuvuta samaki, akalirudisha, akaanza tena, mchana kutwa. Wale walioshusha chubwi, ile risasi nzito ya kuzamisha chambo, mpaka chini ya mto na kungoja aliwaita walalaji. Barry alikuwa mmoja wao, na utani huo ulikuwa umewalisha wote wawili kwa miaka mingi.

Majira ya joto yakapita fimbo zikiwa bandani. Roy alikaa kando ya redio akisikiliza kriketi ambayo hakuipenda. Hakulalamika; angelalamika Glenda angejua la kumjibu. Kila alipomuuliza anataka nini, alijibu kwamba yuko sawa, na neno hilo lilimchosha Glenda kuliko matusi.

Mwanzoni mwa Septemba alitoka na bakuli, akachuma matunda ya elda kwenye vichaka vya nyuma ya kanisa ili apike jemu. Ni matunda madogo meusi, yamezidi kidogo tu punje ya mtama, na hutia vidole rangi ya zambarau. Alipokuwa akiyachambua jikoni, Roy alikuja akasimama mlangoni, ananusa.

"Elda hizo."

"Za jemu."

Roy akasogea, akapapasa bakulini, akachukua moja na kuiviringisha kati ya vidole. "Hii ndiyo saizi yake. Unarusha mbegu za bangi, ndoanoni unaweka hii. Rochi anadhani amepata mbegu iliyonenepa. Mwezi huu hakatai."

Wiki nzima alikuwa hajasema maneno mengi kiasi hicho. Glenda aliendelea kuchambua kana kwamba hajasikia kitu. Jioni akaenda bandani, akatafuta mfuko wa zile mbegu, ambazo huuzwa halali kwenye duka la wavuvi na hazimlevyi mtu ijapokuwa huwavuruga akili rochi, akaziloweka. Asubuhi akaziinjika, na nyumba nzima ikajaa harufu ya udongo na karanga.

"Nani anachemsha?" Roy aliuliza kutoka sebuleni.

"Mimi."

"Moto mkali huo. Nazisikia zinavyorukaruka." Akaja. "Zichemke polepole mpaka zipasuke, kile kiini cheupe cha ndani kichungulie. Kisipochungulia, samaki hana habari nazo."

"Basi simama hapa uziangalie."

"Niziangalie na nini, Glen?"

Glenda akachota mbegu kwa kijiko, akazipoza kwa pumzi, akazimimina kwenye kiganja cha mumewe. "Bonyeza," alisema.

Roy akabonyeza. "Bado," alisema. Baada ya muda akanyoosha kiganja tena, akabonyeza tena. "Sasa zima."

Walikwenda mtoni siku hiyohiyo. Barry alikuwa ameketi mahali pake kwenye kona, fimbo mbele yake, mikono mapajani.

"Vipi, kijana," alisema, maana watu wa migodini huitana kijana mpaka kaburini.

"Naona unalala," Roy akajibu.

"Usipige kelele basi."

Mpango wa Glenda ulikuwa rahisi. Roy angeshika fimbo, yeye angelitazama boya, na likizama angesema "sasa". Roy alilitupa boya palepale alipolitupa siku zote, chini ya mierebi iliyoinamia maji, wala hakukosea. Likateremka na mkondo. Likazama.

"Sasa," alisema Glenda.

Roy akashtua fimbo. Ndoano ikarudi bila samaki. Tunda lilikuwa limenyonywa likabaki ganda.

Ikawa hivyo mara baada ya mara. Rochi anayekula mbegu hadonoi kwa subira. Huionja na kuitema kabla mtu hajamaliza kupepesa. Mpaka jicho la Glenda lione, ulimi useme, sikio la Roy lisikie na mkono uende, samaki alikuwa ameshahama mtaa. Glenda akajaribu kusema "sa" tu. Akajaribu kumgusa bega. Kule kwenye kona Barry alianza kukohoa kikohozi cha mtu anayeficha kicheko, kisha akaacha hata kukohoa, na hilo likawa baya zaidi.

"Shika wewe," Roy alisema hatimaye, akimkabidhi fimbo.

"Mimi sijui."

"Mimi najua. Wewe una macho. Tuone vikichanganywa kinatoka nini."

Glenda alikuwa amefanya kazi kiwanda cha soksi tangu alipoacha shule, akishona ncha za soksi kwenye mashine isiyomngoja mtu, na mkono wake ulizoea kuondoka kabla ya fikra. Hakulijua hilo siku hiyo. Alijua tu kwamba boya likitikisika, yeye alikuwa ameshavuta. Hata hivyo alivuta maji matupu.

"Linafanyaje kabla hujavuta?" Roy aliuliza. "Linazama, au linadunda tu?"

"Linadunda. Kama mtu mwenye kwikwi."

"Wanauma risasi." Alivuta mshipi karibu na kupapasa zile chembe za risasi zilizobanwa juu yake kuupa uzito. "Zinafanana na mbegu. Samaki wanazitafuna wewe unadhani wanakula chambo." Akazing'oa kwa kucha, akabana mahali pake kipande chembamba cha waya, vidole vikifanya kazi huku uso umegeukia ng'ambo ya mto.

Mara iliyofuata boya lilizama, na mshipi ukawa hai mkononi mwa Glenda. Alipata rochi wa kiganja kimoja, akapata mwingine, akapata wengine wengi. Roy aliketi pembeni na kazi ya kurusha mbegu, chache kila mara, akisikiliza zinavyoanguka majini. Aliposikia zimetua mbali mno, alirekebisha mkono.

"Sasa liache boya liwapite hao wadogo," alimwambia. "Wakubwa hawagombanii chakula. Wanakaa nyuma, wanaokota kinachowaponyoka watoto. Liache liende mpaka uone haya kuliacha zaidi."

Glenda akaliacha. Mbali kule, karibu na tawi la mwisho, boya lilisita tu, wala halikuzama, naye akavuta. Samaki huyo alikuwa na uzito mwingine kabisa, akijigonga chini kwa chini kama mtu anayepiga mlango kwa hasira. Alipofika wavuni, Glenda alimweka mikononi mwa mumewe. Roy alimpima kwa viganja, akatabasamu, akasema anakaribia ratili moja, kisha akamtia majini polepole, akarudi kwenye mbegu zake.

Kwenye gari Glenda ndiye aliyeendesha. Walipopita kijiji, Roy akafungua kinywa.

"Umefurahi leo."

Glenda angeweza kuipunguza furaha hiyo. "Nimefurahi sana," alisema.

"Najua. Nilikusikia unavyopumua." Akageukia dirisha. "Mimi nilikaa pale kama mtu aliyealikwa kwenye harusi ya mkewe."

Usiku ule Glenda alilala akiwa na aibu, na ndani ya aibu ile, kila alipofumba macho, boya jekundu lilikuwa likiteremka.

Roy hakutaka tena kwenda. Lakini alimwambia yeye aende, na aliposema hivyo hakukuwa na kijembe ndani yake, au kama kilikuwapo alikificha vizuri. Kwa hiyo Oktoba Glenda alikwenda na Barry, mara moja kwa wiki, kisha mara mbili. Akirudi alisimama bombani muda mrefu akisugua mikono kwa limau, kama mtu anayetoka kwa hawara.

"Umepata wangapi?" Roy aliuliza mara ya kwanza.

"Wachache."

"Usinifanyie hivyo, Glen. Niambie wengi kama ni wengi. Mimi nimepungukiwa macho, sijapungukiwa moyo."

Basi akamwambia ukweli: wengi. Roy akataka kujua maji yalikuwa na rangi gani, upepo ulitoka wapi, boya lilisita wapi. Akamkosoa. Alimwambia arushe mbegu kabla ya kutupa boya, si baada, ili vyote viwili vifike chini pamoja. Glenda alifuata, akapata samaki wakubwa zaidi, akaja kumwambia hilo pia. Mazungumzo hayo yalikuwa matamu na yalimuuma. Alijiona kama mtu anayekula mlangoni mwa mwenye njaa huku mwenye njaa akimwelekeza namna ya kutafuna.

Novemba ilileta mvua, na mto ukapanda ukawa rangi ya chai ya maziwa. Alasiri moja Barry alitokea na mkate mweupe kwapani.

"Boya leo halina kazi," alisema. "Maji hayo hata bata wanapotea. Nakwenda kuzamisha chubwi kwenye kona nilale. Njooni wote wawili mnisindikize, nyumbani kwangu hakuna wa kuongea naye isipokuwa kasuku wa marehemu mke wangu, na yeye ananichukia."

"Twende tukakutazame umelala?" Roy aliuliza.

"Una shughuli gani nyingine, kijana? Kriketi imekwisha."

Roy alicheka bila kutaka, akaomba koti lake.

Kwenye kona maji makuu yalipita kando, na ndani yake palibaki bwawa lililozunguka taratibu. Barry alinyofoa sehemu laini ya ndani ya mkate, akaibana kwenye ndoano kingo zake zikabaki zikipepea kama mabawa, akaitupa na chubwi likashuka. Aliishika fimbo mkononi, mshipi ukipita juu ya kidole chake cha shahada. Glenda akamimina chai. Walikaa. Ng'ombe walikuwa wakila upande wa pili na hewa ilikuwa na harufu ya majani yaliyooza.

Baada ya muda Barry alisimama. "Roy, hebu nishikie. Nakwenda nyuma ya kichaka."

"Iweke kwenye kigingi."

"Nikiiweka samaki akija ataondoka nayo, na ni fimbo mpya. Shika, bwana, usiniache nijikojolee. Mshipi uupitishe kidoleni. Siyo hivyo, usiubane, uulaze tu."

Akaondoka. Roy alikaa na fimbo ile kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani. Mwanzoni alinuna. Kisha Glenda aliona kichwa chake kimeinama kidogo upande mmoja.

"Jani," Roy alisema kwa sauti ya chini. "Limegusa mshipi likapita." Baadaye akasema, "Chubwi limesogea. Chini pana changarawe hapo. Sikujua kama kona hii ina changarawe."

Glenda aliweka kikombe chini. Aligeuka kumtafuta Barry, akamwona mbali kabisa, kwenye lango la malisho, ameegemea akitazama ng'ombe. Hakuwa na dalili ya mtu mwenye haraka ya kurudi.

"Kuna mtu," Roy alisema.

"Wapi?"

"Hapa." Alimaanisha kidole. "Anaupapasa. Ameuacha. Anauzunguka." Uso wake ulikuwa umefunguka namna ambayo Glenda hakuiona tangu majira ya kuchipua. "Usivute," alijiambia mwenyewe. "Bado anaonja. Bado."

Mkono ukaenda juu.

Fimbo ilipinda ikabaki imepinda. Samaki hakukimbia, rochi mkubwa hakimbii. Aligonga kichwa chini, pigo moja zito baada ya jingine, na kila pigo lilipanda kwenye fimbo likaonekana begani kwa Roy. Glenda alichukua wavu, akashuka ukingoni, buti moja likaingia majini. Samaki akaibuka ubavu, mpana, na Glenda akatia wavu haraka mno akamkosa.

"Taratibu," Roy alisema. "Mimi namleta, wewe mngoje. Hana pa kwenda."

Mara ya pili samaki aliingia mwenyewe. Walimlaza kwenye majani mabichi, wakatoa ndoano, wakamtundika kwenye mizani ya Barry ndani ya mfuko wenye unyevu. Glenda alisoma, akasoma tena. Ratili mbili na wakia moja. Katika maisha yake yote mtoni Roy hakuwahi kufikisha ratili mbili, na kwa wapenda rochi huo ndio mlima wenyewe. Wengi hufa wakiutazama kwa mbali.

Roy alipiga magoti na kugeuza uso pembeni kama mtu anayemdharau samaki. Ndivyo alivyoweza kumwona, kwa ukingo wa jicho. "Mkia ninao," alisema. "Na pezi la chini, jekundu. Nieleze katikati."

Glenda akamweleza. Mgongo una rangi ya samawati iliyokolea weusi, kama makaa ya mawe mapya, ubavuni magamba makubwa yaliyopangika, hata moja halijang'oka. Jicho jekundu, lina hasira. Roy alipitisha kidole gumba juu ya magamba huku akisikiliza, kisha akamshika samaki ndani ya maji, kichwa kikielekea mkondo, mpaka akaondoka mwenyewe.

Barry alirudi mikono mfukoni. "Nimepitwa na nini?"

Glenda akamwambia uzito. Barry naye alikuwa ameutafuta uzito huo kwenye kona ileile tangu mgodi ulipofungwa. Glenda aliona kitu kikimpita usoni, nacho hakikuwa furaha tupu, ila kilipita.

"Fimbo yangu," Barry alisema mwishowe. "Mkate wangu. Kiti changu."

"Na usingizi wako," Roy akaongeza. "Umelala wakati mbaya, kijana."

"Nisogezee kiti. Sitoki tena hapa hata nikipasuka."

Walipokuwa wakipakia vitu garini, Roy akiwa ameshaketi, Glenda alimsogelea Barry. "Muda wote ule ulikuwa unakojoa?"

"Uzee, bata wangu," Barry alijibu, akiwa na shughuli nyingi na kamba za mfuko wake. "Kibofu hakisikii amri." Hakumtazama, na Glenda hakumuuliza tena.

Baada ya hapo Roy alirudi mtoni kwa njia ya walalaji. Aliomba Barry amwonyeshe fundo lake la chubwi, akasema ni fundo baya, akafunga la kwake. Zilikuwapo siku nyingi asizopata kitu kabisa, na siku hizo alirudi mkimya, akikumbuka boya. Glenda aliliona na hakujifanya haoni. Kuvua kwa kidole hakukumrudishia kile kilichopotea. Kulimpa kingine cha kufanya, na baadhi ya jioni hicho kilitosha.

Jumamosi moja ya Januari, umande ukiwa umeganda kwenye nyasi, walifika watatu. Glenda alisimama njia panda na mzigo wake. Mpaka siku hiyo alikuwa akivua popote palipobaki wazi, lakini chini ya mierebi hakukaa tena tangu Septemba.

"Roy," alisema, "nataka kukaa pale pako."

Barry alianza kukagua mabuti yake.

"Kaa," Roy alisema. "Pana mkondo mzuri wa boya, ni haramu kupaacha. Ila usisimame, kivuli chako kinaangukia maji. Na anza na funza mmoja, si wawili."

"Najua."

"Najua unajua. Nasema tu."

Akamshika Barry mkono, wakashuka kuelekea kwenye kona, wakibishana kama mkate wa jana unashinda wa leo. Glenda aliwasikia muda mrefu baada ya kutowaona tena. Akaketi, akafunga boya, akarusha mbegu kwanza. Boya liliteremka chini ya matawi, likasita, akavuta, akakosa. Ndoano ilirudi bila funza. Akaweka mwingine, akapuliza vidole kupata joto, akaliacha boya liende.